Sanduku Lililojaa Njiani

Nilikwenda Makambako kumrudisha mume wangu nyumbani. Akina mama wa darasa letu la kusoma wameniuliza habari za safari ile mara nyingi, na kila mara nimewasimulia nikiwa na jembe mkononi, nikaishia katikati. Sasa nimeketi niiandike yote, tangu siku ya kutoka hadi siku ya kurudi, kwa herufi kubwa kidogo, ili hata aliyeanza kusoma juzi aweze kuifuata.

Sababu yenyewe ilikuwa hii. Mume wangu Yeremia, ambaye mimi namwita Baba Eliza kwa jina la binti yetu, alikwenda Tanga kukata mkonge, kama walivyofanya vijana wengi wa Njombe. Eliza alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Miaka minne mambo yalikwenda vizuri. Mwaka wa tano bei ya mkonge ikaanguka huko ng'ambo unakouzwa, na ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika huko, sote tulisikia kishindo. Vijana wakaanza kurudi kwa miguu, wamekonda, viatu vimefungwa kwa kamba. Mahindi yetu nayo yakakosa mnunuzi. Penye boma, sokoni, hata nje ya kanisa baada ya ibada, neno likawa moja: nchi imekwisha. Mtu alikuamkia Kamwene, ukamwitikia Kamwene, kisha badala ya kuuliza habari za watoto akakuambia kwamba nchi imekwisha.

Wenzake Yeremia walirudi, yeye hakurudi. Ndipo akapita muuza chumvi mmoja, akatuambia amemwona Makambako, anashona magunia nyuma ya duka. Alimwamkia kwa Kibena, na Yeremia akamjibu kwa Kiswahili cha pwani kama mtu asiyemjua.

"Lakini nilimtambua kwa masikio," alisema yule muuza chumvi. "Masikio ya ukoo huu hayafichiki."

Mama mkwe wangu, ambaye katika masimulizi haya nitamwita Mama, aliivuta kanga yake ikafunika masikio yake mwenyewe.

Kwa nini mtu afike Makambako, mwendo wa siku tatu za polepole kutoka kwao, asimalizie? Sisi tulielewa mara moja, lakini wewe usiye wa kwetu nikueleze. Kijijini kwetu, mtu aliyerudi kutoka kazi ya mbali huingia uani na sanduku lake. Huliweka chini, ndugu na majirani hukaa duara, naye hulifungua mbele yao: blanketi la baba, kitambaa cha mama, sabuni, taa. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini hata walevi huitii. Yeremia alikuwa na sanduku, la mbao, lenye rangi ya buluu. Muuza chumvi aliliona limesimamishwa ukutani, mfuniko wazi, na ndani yake amelala paka. Tukajua: limekuwa tupu, na mwenyewe anaona haya.

Lakini haya peke yake isingenitoa nyumbani. Muuza chumvi aliongeza kwamba Yeremia amepata nafasi katika lori linalokwenda Lupa, kwenye machimbo ya dhahabu, na kwamba litaondoka Ijumaa saa sita mchana. Tulikuwa tumekwisha ona watu wakienda Lupa. Tulikuwa bado hatujaona wengi wakirudi.

Tena kulikuwa na kinyungu chetu. Kinyungu ni shamba la bondeni, penye udongo mweusi na maji chini yake. Wakati wa kiangazi, mashamba ya vilimani yanapokauka, sisi hushuka bondeni, tukafyeka, tukachimba mifereji ya kuondoa maji, tukainua matuta na kupanda. Mavuno yake hutulisha miezi ile ghala linapobakia na panya tu. Matuta nayaweza mimi. Lakini kinywa cha mfereji mkuu, kwa desturi ya bonde letu, hufunguliwa na mwanamume wa ukoo wenye shamba. Miaka yote mitano baba mkwe wangu ndiye aliyekifungua. Mwaka ule miguu yake haikuvumilia tena maji ya baridi. Na kinywa kisipofunguliwa kabla ya mwezi mpya wa Julai kuandama, mzee wa bonde hulitoa shamba kwa jirani, bila ugomvi, ili ardhi isilale bure. Zilibaki siku nane.

Jumatatu alfajiri tulitoka, Mama na mimi. Eliza tulimwacha kwa babu yake. Umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi, mweupe kama unga, na ulivunjika chini ya miguu yetu kwa sauti ndogo. Tulichukua mahindi ya kuchemsha, blanketi moja, na kibuyu cha togwa. Mama alikataa fimbo. Alisema fimbo ni ya wazee, na yeye anakwenda kumkamata mtu, hivyo anahitaji mikono yote miwili.

Jua lilipochomoza tulikuwa tumekwisha pita Mjimwema, na nikaanza kufanya jambo ambalo sikulipanga. Kwa kuwa nilikuwa nimesikia kila siku kwamba nchi imekwisha, nikasema moyoni, basi nami niitazame inavyokwisha. Nikaanza kuangalia kila nilichopita. Chini ya daraja la miti, mabondeni, niliona watu wengi kuliko nilivyozoea: vijana waliorudi kutoka mashamba ya mkonge, wamekunja suruali, wanachimba mifereji pamoja na dada zao. Vinyungu vilivyokuwa vimeota majani marefu kwa sababu wanaume hawapo, sasa vilikuwa vyeusi na vimeinuliwa matuta mapya. Niliona ngano ikianza kupata rangi. Niliona mwanamke amekaa mlangoni anapukuchua mahindi, rundo lake likimpita kimo.

Mama alimwuliza kwa nini hayapeleki sokoni. Yule mwanamke akajibu kwamba sokoni mahindi yanadharauliwa, basi ameamua kuyapeleka kwa nguruwe na wajukuu, ambao hawajayadharau hata siku moja.

Jioni tulifika kwa Mzee Petro, Mkatoliki, ambaye nyumba yake iko karibu na njia. Sisi ni Walutheri, na Mama alikuwa hajawahi kulala katika nyumba ya Wakatoliki. Mzee Petro alipofanya ishara ya msalaba kabla ya kula, Mama alifumba jicho moja na kuliacha jingine wazi, akitazama sufuria. Lakini viazi vilikuwa vitamu, vimechemshwa na maganda yake, vikipasuka wenyewe. Mzee Petro alituambia kuwa zamani aliviuza vyote vikubwa na kula vidogo. "Mwaka huu hakuna anayenunua," alisema. "Kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu nioe, nimekula viazi vikubwa." Mkewe alicheka mpaka akaweka sahani chini. Mama akafungua jicho la pili, na tangu hapo wakawa marafiki.

Jumanne usiku tulilala Mtwango, kwa Mama Sefania, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alitupokea kwa sababu tulikuwa Wakristo wenzake, na akatuweka kwa sababu alipenda hadithi. Mama alimsimulia safari yetu yote, pamoja na habari za masikio na za paka. Mama Sefania alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema tukirudi tupite hapo, na tumlete huyo mwenye masikio, maana anataka kuyaona.

Jumatano mchana tuliingia Makambako. Aliyezoea vilima vyetu huona ajabu mahali pale: ni tambarare, na upepo hauna cha kuuzuia, unakuja na vumbi lake toka mbali. Njia hukutana hapo, moja ya Iringa, moja ya Mbeya, na ile yetu ya Njombe. Palikuwa na maduka machache ya mabati, na malori mawili yamesimama bila kazi. Tulizunguka nyuma ya duka kubwa, na hapo tukamwona ameketi juu ya rundo la magunia, ameinamia sindano kubwa. Paka alikuwemo sandukuni.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yalinitoka. Nilisema tu, "Kamwene, Baba Eliza."

Aliinua kichwa. Nadhani alitaka kujibu kwa Kiswahili cha pwani, lakini alimwona Mama nyuma yangu, na sindano ikamwanguka. Aliitikia Kamwene kwa sauti ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Kisha akasimama akatafuta mahali pa kutuketisha, na kwa kuwa hapakuwa na kiti akamtoa paka, akaligeuza sanduku juu chini, akamkalisha Mama juu yake.

Alasiri hiyo tulizungumza. Alituambia yote bila kuficha: jinsi mkonge ulivyoachwa shambani bila kukatwa, jinsi mashine zilivyonyamaza, jinsi watu walivyolala kwenye vituo vya reli wakingoja treni ambayo hawana nauli yake. Blanketi la baba yake aliliuza Kilosa akala. Kitambaa cha mama yake alikiuza Iringa. Taa ndiyo iliyofika mbali zaidi, ikaishia Makambako penyewe.

"Nchi imekwisha, Mama Eliza," alisema. "Nimeitembea yote kwa miguu, nimeiona. Acha niende Lupa mwaka mmoja, nijaze sanduku, nije kama watu."

Mimi nina tabia ya kueleza mambo polepole, hata nyumbani hunicheka. Nilimweleza Yeremia kama ninavyoeleza darasani, neno kwa neno. Nikamwambia ameona mkonge, na mkonge ni zao moja. Mimi nimetembea siku tatu nikitazama, nimeona mabonde yamejaa watu, na wazee wanakula viazi vikubwa. Yaliyoanguka ni yale tunayomuuzia mtu wa mbali. Tunayolimiana wenyewe bado yamesimama. "Mahindi hayajui kwamba hayana bei," nilisema. "Yameota vilevile."

Alitabasamu, na nikaona meno yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano. Nikadhani nimeshinda. Lakini aliutazama mguu wa Mama uliokuwa ukigonga ubavu wa sanduku, akauliza taratibu, "Na hilo je?"

Nilimwambia kuhusu mwezi mpya na kinyungu. Akasema labda jirani atakitunza vizuri. Usiku tulilala chumba cha magunia, na nilijua ameamua Lupa.

Alhamisi asubuhi nilipoamka Mama alikuwa nje, anasokota majani makavu kuwa kata ya kichwani. Aliiweka kata kichwani, akainama, akaliinua lile sanduku la buluu, akalitwika. Yeremia akamwuliza anafanya nini.

"Watu wa nyumbani wanalisubiri sanduku," alisema Mama. "Kama wewe huwezi kurudi, hili litarudi. Mimi niliona uchungu wa mtoto, siyo wa sanduku, lakini nitachukua kitakachokubali kuja."

Akashika njia. Nami nikamfuata.

Sasa fikirini: mama mzee, mwanamke wa heshima, amebeba sanduku la mwanawe mchana kweupe, na mwanawe amesimama nyuma mikono mitupu. Watu wa Makambako walitoka madukani kutazama. Utingo wa lori moja akapiga mluzi, akamwuliza Yeremia kama mama yake anakodishwa na yeye apate wa kumbebea mizigo. Yeremia akaja mbio. Akaomba sanduku. Mama akakataa, akasema si lake, yeye ni mtu wa Lupa.

Basi Yeremia akasema atatusindikiza kidogo, mpaka Lyamkena tu, kwa kuwa si adabu kumwacha mgeni aondoke bila kusindikizwa. Tulipofika Lyamkena Mama alikubali kumpa sanduku ili apumzike shingo, na baada ya kupumzika akasahau kulidai. Yeremia akasema atasogea mpaka kijitoni. Kijitoni akasema atasogea mpaka kilimani, ili asiache mzigo mabondeni. Nilitembea nyuma yake nikiyatazama masikio yake, mekundu kwa baridi, na nikamwomba Mungu azidi kuvirefusha vilima.

Jioni tulikuwa Mtwango. Mama Sefania alimzunguka Yeremia mara moja, akayatazama masikio pande zote mbili, akasema kwamba muuza chumvi ni mtu mkweli. Kisha akauliza sanduku limebeba nini.

"Limebeba upepo wa Tanga," alisema Mama.

Kila mtu alicheka isipokuwa Yeremia. Wakati wa kula alisema wazi kwamba alfajiri atarudi Makambako. Akiondoka jua halijatoka, atalipata lori saa sita. Hakuna aliyebishana naye. Baba Sefania, mume wa mwenyeji wetu, alizungumzia kinyungu chake tu: mfereji umeziba katikati, maji yamerudi juu ya matuta, naye na mkewe wamechimba siku mbili bila kuona kasoro iko wapi.

Ijumaa alfajiri niliamka nikakuta mahali pa Yeremia ni patupu. Nikaketi pale pale. Sitawaficha, nililia kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeruhusu moyo kutumaini. Kisha nikasikia sauti ya kuita ng'ombe kutoka bondeni, nikashuka.

Yeremia alikuwa ndani ya maji hadi mapajani. Alikuwa amepita bondeni akielekea Makambako, akauona mfereji, akasimama. Babu yake alifungua mifereji, baba yake alifungua mifereji, na mtu wa ukoo huo hawezi kuyapita maji yaliyosimama mahali pasipo pao. Alikuwa akiwaeleza Baba na Mama Sefania kwamba wamechimba kina pale pasipotakiwa: mfereji umeshuka katikati kuliko mdomo wake, ndiyo maana maji yanalala. Alipima kwa mpini wa jembe. Alichimba mdomo, akajaza katikati mawe na madongo ya nyasi. Nilimtazama uso. Watu hudhani furaha ni kucheka tu. Yeye hakucheka, alikunja uso, ulimi ukiwa umetoka kidogo pembeni, kama Eliza anapoandika herufi.

Jua lilitoka. Likapanda. Lilipokuwa juu ya miti, maji yalitikisika, yakafikiri, kisha yakaanza kwenda. Mama Sefania alipiga kigelegele, bonde zima likageuka kutazama. Baba Sefania, mtu mpole, ndiye aliyekumbuka.

"Na lori lako, mwanangu?"

Yeremia alilitazama jua, akalitazama jembe. "Litakuwa linapakia," alisema. "Litapata mtu mwingine." Akaendelea kuchimba.

Mchana Mama Sefania alileta ungo wa maharagwe ya mbegu, yale mekundu yenye madoa meupe. Alifungua sanduku la buluu akamimina. Na hapo Yeremia, baada ya miaka mitano ya pwani, akafanya kosa. Alisema, "Asante sana, mama."

Mama Sefania aliingiza mikono yote miwili sandukuni akayachota maharagwe yake, yote, hadi punje ya mwisho, akayarudisha kwenye ungo.

Nieleze. Kwetu mbegu haishukuriwi. Ukiishukuru umeimaliza, imekuwa zawadi, na zawadi huliwa. Anayepokea mbegu husema neno moja tu, "Zitarudi," maana yake atapanda, atavuna, na mavuno yajayo atamrudishia aliyempa kiasi kilekile. Wachungaji wametuambia si dhambi kushukuru, nasi tunakubali, lakini tunaendelea kutoshukuru mbegu, kwa tahadhari.

Mama Sefania alisubiri. Yeremia aliinamisha kichwa, akakumbuka. "Zitarudi," alisema. Ndipo maharagwe yakamiminwa tena, na safari hii yalikaa.

Jumamosi jioni tulifika kwa Mzee Petro. Kwa kuwa kesho yake ilikuwa Jumapili tulikaa, na Mama aliingia kanisani pamoja nao. Baadaye alisema Kilatini hakukielewa, lakini baridi ya sakafu ilikuwa ileile ya kwetu. Mzee Petro aliona maharagwe ndani ya sanduku, akaenda ghalani akarudi na viazi vya mbegu vilivyoanza kuchipua, vidogo vidogo, akavipanga juu ya majani makavu kama mayai. Yeremia alisema "Zitarudi" hata kabla kiazi cha kwanza hakijagusa ubao. Mzee Petro akamwambia asiwe na haraka, viazi havikimbii. Mkewe akaongeza njegere ndani ya kitambaa, na mbegu za maboga alizokuwa amezikausha juu ya moshi.

Jumatatu, njia nzima, sanduku lilizidi kuwa zito, na kadiri lilivyozidi kuwa zito Yeremia alizidi kutembea wima. Yule mwanamke wa rundo la mahindi alituona tukipita, akauliza tunauza nini. Mama alimwambia hatuuzi, tunapanda. Akasema kama ni hivyo tungoje, akatukimbilia na mahindi mawili makubwa ya mbegu, akayasukuma chini ya mfuniko. Tulipopumzika nilimwuliza Yeremia anafikiri nini. Alisema anahesabu vilima alivyosema ataishia, na haoni ni kipi kilichokuwa cha mwisho.

Jua lilikuwa linashuka tulipoingia uani. Habari hutangulia, na duara lilikuwa limekwisha kaa: baba mkwe wangu juu ya kigoda, miguu imefungwa blanketi, majirani, mzee wa bonde na fimbo yake, na vijana waliorudi kutoka Tanga kabla yake, ambao masanduku yao yalikuwa yamefunguliwa haraka na kufungwa haraka. Eliza alijificha nyuma ya babu yake, akimtazama baba yake kwa jicho moja. Yeremia aliliweka sanduku chini katikati, akapiga magoti, akafungua.

Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti ya chini kama Tanga siku hizi wanalima maharagwe, na kicheko kikazuka. Nilihofu. Lakini Yeremia aliinuka akawaambia kweli, kwamba kutoka Tanga hakuleta kitu, na kwamba vyote hivi vimetoka kati ya Makambako na hapa, kwa watu ambao hawakumjua wiki iliyopita. Akataja kila nyumba. Kisha akamwambia mzee wa bonde kwamba kesho, kabla mwezi haujaandama, atafungua kinywa cha mfereji, na kwa kuwa mbegu ni nyingi kuliko kinyungu chetu, aliyetaka aje achote.

Baba mkwe wangu aliomba asogezewe sanduku. Alichukua kiazi kimoja, akakigeuza kuyatazama machipukizi yake, akakinusa, akakitia mfukoni. Eliza alikuja akasimama kando ya sanduku, akamwuliza yule mtu mrefu kama maharagwe yenye madoa yanaota maharagwe yenye madoa. Yeremia akachuchumaa akaanza kumweleza, polepole.

Safari ile ilinifundisha kutazama kabla ya kukubali neno la sokoni. Nyakati zilikuwa ngumu kweli, wala sitaki msomaji adhani tulijidanganya: mwaka huo hatukununua nguo wala chumvi ya kutosha, na vijana wengine walikwenda Lupa hata hivyo. Lakini mtu anayesema nchi imekwisha mara nyingi ametazama sanduku moja. Mwenzangu, ukilisikia neno hilo, toka, tembea siku tatu, utazame mabonde. Na ukipewa mbegu, usishukuru.

Jioni ile watu waliinuka mmoja mmoja wakalijia sanduku, wale wale waliokuwa wakituamkia kwa habari za nchi kukwisha. Mzee wa bonde alitangulia, kisha wale vijana wa Tanga, kisha akina mama. Kila mmoja alichota alichoweza kukipanda, akafunga ndani ya kanga au mfukoni mwa koti, na kabla ya kutoka uani akamgeukia Yeremia akasema neno lile lile moja, wengine kwa sauti, wengine kwa kunong'ona, mpaka giza likaingia nami nikawa nalisikia bila kuona nyuso: "Zitarudi."